Jinsi ya Kuandika Hadithi ya Distopia ya Tabianchi Inayotokea Mtwara na Lindi: Mwongozo Kamili

Hadithi nyingi za vijana wetu kuhusu dunia iliyoharibiwa na mabadiliko ya tabianchi huanza na maghorofa yaliyozama, vumbi jekundu, na genge lenye bunduki linalogombea petroli. Ukiuliza yote hayo yanatokea wapi, unaambiwa Lindi. Lakini mtu wa Mchinga au Kitangari, mambo yakimharibikia, hatafuti petroli kwanza. Atatafuta maji ya kunywa, mbegu, na ndugu wa upande wa mama atakayempokea. Hapo ndipo hadithi ya kusini inapaswa kuanzia.

Distopia, kwa maana nitakayoitumia hapa, ni hadithi ya jamii ambayo utaratibu wake wa maisha umegeuka mateso, huku wanaouendesha wakisema wanawaokoa watu. Shika hilo mapema. Kimbunga ni msiba, na ukame ni msiba. Msiba unageuka distopia siku mtu anapofika na daftari na kuanza kuandika majina ya wanaostahili maji na wasiostahili. Waandishi wengi hutumia kurasa thelathini kueleza kimbunga na ukurasa mmoja kueleza daftari. Geuza hesabu hiyo.

Hatua zifuatazo hazilingani kwa uzito. Ya pili na ya nne ndizo zinazobeba kazi, kwa hiyo usizikimbie. Nyingine unaweza kuzifanya jioni moja.

Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja cha kukatika

Usiharibu dunia nzima. Tafuta kitu kimoja ambacho maisha ya hapa yanakitegemea, na ambacho tayari kina ufa, kisha ukikate. Kusini kuna vitu vya namna hiyo tele, na kila kimoja kinatosha riwaya.

Chukua barabara. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania, mafuriko yaliikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Magari yakapanga foleni pande zote mbili. Wazee walikuwa wameshayaona hayo: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika safari ya kusini ilikuwa ya kubahatisha. Sasa jiulize: barabara ile ikikatika kila mwaka hadi ikaachwa, nani atapanga kitu gani kishuke bandarini Mtwara, na kwa ajili ya nani?

Au chukua mkorosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia 1989/90 zilikuwa zimebaki tani zipatazo 17,000 tu. Watu walihamishiwa vijijini na kuiacha mikorosho yao mbali, ugonjwa wa ubwiriunga ukashika maua, na bei ikawakatisha tamaa wakulima. Hakuna kimbunga kilichofanya hayo. Zao lilianguka ndani ya miaka isiyofika ishirini mbele ya macho ya wale wale walioipanda miti. Mwandishi anayetaka kujua uchumi unavyoporomoka polepole hana haja ya kubuni, achore upya mchoro huo. Aongeze mvua zinazonyesha wakati wa maua, salfa ya kutibu ubwiriunga inayooshwa kabla haijafanya kazi, na usiku usiopoa.

Au matumbawe. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi na matumbawe yakapauka kwa eneo kubwa, pwani yetu ikiwemo, wakati tayari baruti za wavuvi zilikuwa zimeyavunja sehemu nyingi. Wanasayansi wa Jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi walieleza mwaka 2018 kwamba dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 1.5, asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe yatapotea, na ikifika nyuzi 2 yatapotea karibu yote. Mama anayeshuka mwambani maji yakitoka, akiwa na kijiti cha kuchokolea pweza, anasimama juu ya takwimu hiyo kwa miguu yake.

Ukishachagua kimoja, viache vingine. Vitajitokeza vyenyewe kwa sababu vimeshikana. Katika mwongozo huu nitafuata maji ya kunywa, ili uone kazi inavyofanyika kuanzia mwanzo.

Hatua ya 2: Fuata mnyororo mpaka kwenye dumu

Hapa ndipo wengi wanapochoka. Wanaandika "bahari ilipanda" na aya inayofuata watu wanakula watu. Kati ya sentensi hizo mbili kuna hadithi nzima.

Anza na ardhi yenyewe. Mwambao una visima vifupi. Katika visima hivyo maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi yanayopenya chini kwa chini kutoka baharini. Bahari ikipanda, au watu wakichota kupita kiasi, chumvi inasogea juu. Wa kwanza kujua ni anayepika: chai inaanza kuwa na ladha ambayo sukari haiifuti. Halafu mpunga wa bondeni unaungua ncha, halafu minazi inadondosha vidaka.

Upande wa pili kuna Uwanda wa Makonde. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na bahari haitafika huko hata barafu yote ya dunia ikiyeyuka. Ardhi ipo, hewa ni nzuri, mihogo na mikorosho inastawi. Lakini udongo ni wa kichanga, mvua inazama chini mno, na juu ya uwanda hakuna mito. Vizazi na vizazi vya wanawake vimeteremka makorongo kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Mpaka leo maji ya bomba ya huko husukumwa kwa pampu kutoka chini, bonde la Mitema, Kitangari.

Sasa uko na mgogoro ambao hukuubuni, umepewa na jiografia: pwani ina maji yasiyonyweka, na mahali pa kukimbilia pana ardhi isiyo na maji. Anza kufuata.

Visima vya pwani vinaingia chumvi. Watu wanapanda kwenda kwa ndugu zao juu. Idadi ya wanaotegemea pampu ile inaongezeka mara mbili. Mvua nazo zimebadilika, na hili lina sababu yake: hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1, inabeba unyevu zaidi kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo mvua ikishuka inashuka kwa kishindo na kwa siku chache. Mafuriko yanaingia kwenye mitambo. Kifaa kinaungua. Kipuri kinatoka Dar es Salaam, na barabara imekatika. Unaona? Barabara tuliyoiacha katika hatua ya kwanza imerudi yenyewe.

Pampu ikisimama, nani ana maji? Mwenye tangi. Tangi linajazwa na nini? Paa. Na hapa ningekuomba utulie, kwa sababu kitu kidogo sana kinageuza kila kitu. Paa la makuti au la nyasi halivuni maji ya kunywa, la bati linavuna. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba yenye bati la mita za mraba 50, mvua ya milimita 20 ikinyesha, inaweza kukusanya hadi lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita ishirini, kabla hujatoa kinachopotea. Jirani wa makuti, chini ya mvua ile ile, anapata anachokinga kwa sufuria.

Basi utajiri wa dunia yako mpya ni bati. Wizi wake ni wizi wa bati, mahari yake ni bati, na vita yake itakuwa juu ya swali moja: mvua ikishaanguka kwenye paa langu, ni ya nani? Ukifika kwenye swali la namna hiyo, ambalo mtu wa Tandahimba anaweza kubishana nalo baraza zima, simama. Mnyororo umefika mwisho wake na hadithi imepatikana.

Fanya hivi kwa karatasi: andika "kwa hiyo" kati ya kila pete na pete ya mnyororo. Penye "kwa hiyo" isiyoingia, ukajikuta unaandika "ghafla", rudi nyuma.

Hatua ya 3: Weka kalenda kabla ya kuandika tukio lolote

Chagua mwaka ambao mtoto wa darasa la tatu wa leo atakuwa bibi au babu. Miaka hamsini au sitini inatosha, kwa kuwa atabaki mtu mmoja anayekumbuka bei ya soda na foleni ya mnada wa korosho, na kumbukumbu yake itakuwa na uzito kuliko maelezo yako yote.

Halafu panga majira. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, ukiteleza hadi Mei. Kaskazi inavuma wakati wa joto, kusi inafuata. Sasa tazama vimbunga tunavyovikumbuka: kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kenneth, kilichotua Cabo Delgado, Msumbiji, na kuwaweka watu wa Mtwara roho juu, kilikuja Aprili 2019. Hidaya kilikuja Mei 2024. Vyote vitatu vimekuja mvua zikielekea ukingoni. Maana yake kwa hadithi ni nzito: upepo uking'oa mabati na kupasua matangi mwezi wa nne, hakuna mvua nyingine ya maana mpaka mwezi wa kumi na moja. Una miezi sita ya kiangazi ambayo mtu mwenye tangi zima anaweza kuwa mfalme. Huhitaji kutunga kitu kingine cha kuwabana wahusika wako.

Kama tukio ni la baharini, chungulia mwezi. Mawimbi ya dhoruba yakiangukia bamvua, wakati mwezi mpevu au mwandamo, yanaingia mbali zaidi kuliko yakiangukia maji mafu, kwa sababu tofauti ya kupwa na kujaa pwani yetu wakati wa bamvua inazidi mita 3. Mvuvi akisoma hadithi yako na kukuta maji yamejaa saa sita mchana siku ya mwezi mpevu, atafunga kitabu. Pwani yetu bamvua hujaa karibu na alfajiri na alasiri, na hupwa kabla ya adhuhuri.

Hatua ya 4: Jenga utaratibu unaodai kuokoa

Hii ndiyo roho ya kazi. Umeshapata uhaba. Sasa nani anausimamia, kwa kanuni gani, na kwa maneno gani mazuri?

Kusini kumeshapitia taratibu za kutosha kukufundisha. Wakati wa Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, vilivyoanzia milima ya Matumbi huko Kilwa, majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Chakula kilikuwa silaha. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake. Misitu ikafyekwa kwa matingatinga, reli ikatandikwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, yote kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana kama ilivyopangwa, kwa sababu waliopanga hawakuijua ardhi wala mvua. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Baadaye hata reli iling'olewa. Miaka ya sabini watu wakahamishiwa vijijini ili wapate shule, zahanati na maji, na wengi walipata, na wengi wakaacha nyuma mikorosho na makaburi.

Sikuelezi hayo ili uyaandike upya. Nataka uone umbo lao: kuna shida ya kweli, kuna mpango unaotangazwa kwa sauti kubwa, kuna mtu wa kati anayehesabu, na kuna gharama ambayo haikuandikwa popote. Utaratibu wa hadithi yako uwe na umbo hilo. Adui akiwa mtu mbaya tu anayecheka gizani, umeandika katuni. Akiwa mwalimu mstaafu mwadilifu aliyewahi kuzika watoto wa kipindupindu, akaapa kwamba hakuna atakayekufa tena kwa maji machafu, umepata mtu wa kuogopwa.

Tuendelee na mfano wetu. Nauita utaratibu huu Kamati ya Mapaa. Ulianza kwa wema: baada ya kimbunga, wenye bati walikubali kuunganisha gata zao na tangi moja la kijiji ili wenye makuti wapate. Miaka ikapita. Sasa nyumba ni yako lakini mvua inayoangukia paa lako ni ya Kamati. Ukitaka kujua kama utaratibu wako umekamilika, ujibu maswali haya kwa maandishi:

Ulitatua shida gani ya kweli mwanzoni, na nani bado yuko hai kwa sababu yake? Nani anashika daftari, na akifa nani analirithi? Kosa linagunduliwaje? Adhabu ni nini, na nani anaitekeleza, jirani au mgeni? Nani anafaidika bila kuonekana? Na mwanya uko wapi?

Swali la kugundua kosa ni gumu kuliko mengine, na hapo ndipo hesabu yetu ya milimita inapofaa. Kamati ina kipimo cha mvua shuleni. Asubuhi wanasoma milimita, wanazidisha kwa ukubwa wa paa lako, wanalinganisha na kilichoingia kwenye tangi. Ukikinga sufuria usiku, namba zinakusema. Hakuna roboti wala kamera, ni hesabu ya darasa la tano iliyogeuzwa polisi. Kwangu hiyo inatisha kuliko mashine yoyote ya kubuni.

Kuna jambo moja ambalo mwandishi wa Mtwara hawezi kulikwepa: gesi. Mnazi Bay na Songo Songo ziko kwetu, na bomba la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam lilikamilika baada ya ghasia za Mtwara za Januari na Mei 2013, watu wakidai wafaidike kwanza. Wakati huo huo, gesi ikichomwa inaongeza joto lile lile linalosukuma bahari ndani ya visima. Usichague upande kwa haraka. Weka meza moja mtu aliyepoteza ndugu akidai gesi ibaki, na mjukuu wake anayeuliza kwa nini haikubaki ardhini kabisa, na uwaache waongee mpaka wachoke. Wote wawili wana haki, na hadithi yako inahitaji ujasiri wa kulikubali hilo.

Hatua ya 5: Mpe mhusika kazi na ukoo

Mhusika asiye na kazi hana mikono. Awe mbangua korosho, fundi baiskeli, mkulima wa mwani, mchimba chumvi wa Lindi, mchonga mpingo, mama ntilie, mpimaji wa Kamati. Kupitia kazi ndipo msomaji anahisi uhaba: mkulima wa mwani anajua maji yamepata joto kwa sababu mwani unageuka mweupe na kukatika kwenye kamba.

Ukoo ni muhimu zaidi kusini kuliko mwandishi wa mbali anavyodhani. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua hufuata ukoo wa mama. Mjomba ana sauti, na ardhi hupitia upande wa mama. Kamati ikifika na fomu inayotaka "mkuu wa kaya" na kuandika jina la mume, haijakosea karatasi tu. Imempokonya mwanamke paa. Mgogoro wa ndoa, wa ukoo na wa dola unakutana kwenye mstari mmoja wa fomu.

Fikiria pia jando na unyago. Ngoma huchezwa baada ya mavuno, zinahitaji chakula na maji kwa wageni. Mavuno yakikosekana miaka mfululizo, ngoma zinaahirishwa. Baada ya miaka kumi una vijana wakubwa ambao kwa mila bado ni watoto: hawajafundwa, hawaoleki kwa heshima, na wana hasira. Sijaona hadithi iliyolifuata jambo hili hadi mwisho, na ningependa sana kuisoma.

Hatua ya 6: Andika ukurasa wa kwanza bila kueleza

Msomaji asiambiwe tabianchi imebadilika. Apewe tendo. Huu hapa mfano, kutoka dunia ya Kamati ya Mapaa:

Bi Somoe alisikia harufu ya mvua kabla ya mtu mwingine yeyote mle ndani. Akanyanyuka, akachukua sufuria lililofichwa nyuma ya kinu, akalitega nje, pale kwenye kona ambapo gata lilikuwa na tundu.

"Bibi, liondoe," Hamisi alinong'ona kutoka mlangoni.

"Rudi ukalale, mume wangu."

"Asubuhi watalinganisha na kipimo cha shuleni. Ikipungua wanatukata wiki nzima."

"Waambie paa linavuja."

"Tulisema hivyo mwaka jana, bibi."

Mvua ikafika. Ilipiga bati kwa nguvu, ikakimbilia kwenye gata, na kutoka kwenye gata ikaingia bomba jeusi lenye lakiri ya Kamati. Tone moja likaponyoka kwenye kona na kugonga sufuria. Kisha jingine. Bi Somoe alikaa kizingitini, khanga begani, akisikiliza mpaka mlio wa chuma kitupu ukaisha. Akachovya kidole, akampa mjukuu wake.

"Ina ladha gani?"

"Ya bati."

"Basi unywe kabla hakujakucha."

Angalia kilichofanyika. Hakuna neno "ukame" wala mwaka. Kanuni imetajwa na mtoto, kwa hofu, na si msimulizi. Bibi anamwita mjukuu "mume wangu", utani wa bibi na mjukuu ambao kila nyumba inaujua, kwa hiyo msomaji yuko nyumbani hata kama dunia imegeuka. Na kosa lenyewe ni dogo, sufuria moja. Ukubwa wa ukatili unapimika kwa udogo wa kosa.

Baada ya kuandika ukurasa wako, pigia mstari kila sentensi inayoeleza dunia badala ya kuionyesha. Bakiza moja. Nyingine zihamishie kwenye mazungumzo, au zifute.

Hatua ya 7: Lugha

Watu wa kesho hawatasema "kaya zilizoathirika na mabadiliko ya tabianchi". Hayo ni maneno ya semina. Watabatiza vitu wenyewe, kwa ufupi na kwa mazoea. Maji ya mgao yataitwa "ya daftari". Anayepima mapaa ataitwa "Milimita", na watoto watalikimbia jina hilo njiani. Wapwani waliopanda uwandani wataitwa "wachumvi", kwanza kwa utani, baadaye kwa chuki. Majina matano au sita yanatosha, ukizidisha msomaji atahitaji kamusi.

Lafudhi ya kusini iheshimu. Kuandika "ntu" na "ntoto" kila mstari ili watu wa mbali wacheke ni kuuza ndugu zako. Mpigo wa sentensi, salamu ndefu, na neno moja moja la Kimakonde au Kimwera mahali pake vinatosha. Na chakula kiwe cha hapa: ugali wa muhogo, mbaazi, mabibo ya msimu, na ming'oko, mizizi ya kuliwa inayochimbwa porini. Mhusika akichimba ming'oko mwezi ambao zamani alikuwa anavuna, umesema yote.

Hatua ya 8: Linda ukweli wa sayansi

Kwa kifupi tu, kwa sababu hapa hakuna mengi. Bahari imepanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na gesi zikiendelea kutolewa kwa wingi inaweza kukaribia mita 1 kufikia 2100. Usizamishe Masasi. Mikindani, Kilwa Kivinje na magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo bahari imekuwa ikiyalamba kwa muda mrefu, yanatosha. Kimbunga hupata nguvu juu ya maji yenye joto la nyuzi 26 au 27 kwenda juu na hakiumbiki karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo kukileta Mtwara ni rahisi kuamini kuliko kukileta Mombasa. Mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi. Kama wahusika wako wameikata kwa mkaa katika sura ya pili, bahari ina haki ya kuingia katika sura ya saba.

Hatua ya 9: Mwisho wa hadithi, na wasomaji wa kwanza

Miisho miwili imechakaa: shujaa mmoja anaivunja Kamati kwa usiku mmoja, au wote wanakufa. Tafuta tendo dogo lenye gharama, linaloubadilisha utaratibu kwa kadiri ambayo watu wale wangeweza kweli. Katika mfano wetu, mpimaji anaweza kuanza kuandika milimita pungufu shuleni. Namba zikishuka kwa kijiji kizima, kila nyumba inapata sufuria yake bila kukamatwa. Lakini basi tangi la wenye makuti linapungua, na bado miezi mitatu ya kiangazi. Sasa wema wake una mtu anayeulipia, na mwandishi lazima amwonyeshe mtu huyo kwa jina.

Rasimu ikikamilika, usiipeleke kwanza kwa mwandishi mwenzako. Msomee mvuvi sehemu ya bahari, msomee mkulima wa korosho sehemu ya shamba, na msomee mama aliyewahi kubeba maji makorongoni sehemu ya dumu. Usiwaulize kama ni nzuri, watakusifu kwa adabu. Uliza: wapi umeona si kweli? Nani ungemchukia? Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Andika majibu yao palepale, pamoja na maneno waliyotumia. Mara nyingi mama wa dumu atakuambia njia ya kuiibia Kamati ambayo hukuiwaza, na itabidi urudi hatua ya nne, uuzibe mwanya huo au uuache wazi makusudi, kisha uandike upya kuanzia hapo.

Kwa hadithi fupi lenga maneno 3,000 hadi 5,000, nyumba moja, kiangazi kimoja. Riwaya iache mpaka hadithi fupi mbili au tatu za dunia hiyo hiyo zisimame zenyewe, moja ikitoka pwani, moja uwandani, na moja kwa mtu anayeshika daftari.